Kwa Wenye Nyumba wa Ayany: Stima ya Kabati la Intaneti Ni Yenu

Wazee wetu na akina mama wenye nyumba wa Ayany,

Mimi ni fundi wa mtandao, na kazi yangu iko hapa hapa Kibera: Ayany, Olympic, Karanja, na mara nyingine Makina. Nina ombi moja kwenu, na nalitaja mapema ili msomaji mwenye haraka asilikose. Kabla hamjamruhusu mtu yeyote kutundika kabati la intaneti kwenye jengo lenu, liwekeeni kwanza njia yake ya stima: waya wake wenyewe kutoka boksi la breka, breka yake, soketi yake, na waya wa erthi unaofika ardhini kweli. Ivutwe na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati, nanyi mlipe. Yaliyobaki tuachieni sisi.

Najua wengi wenu mmezoea kuliona jambo hili kuwa la watu wa intaneti. Vijana wanakuja na ngazi, wanatoboa ukuta, wanavuta kebo, jioni wapangaji wako mtandaoni, nanyi hamjatoa hata shilingi. Lakini kati ya kazi ya mwenye jengo na kazi ya mwenye kebo pamebaki pengo, na stima inapita humo bila mwenyewe. Fundi wa intaneti anasema stima ni ya jengo. Mwenye jengo anasema sanduku ni la intaneti. Keteka, mtunzaji wa jengo, ameambiwa tu asiguse. Siku kitu kikiungua, kila mmoja ataonyesha mwenzake kidole, na aliyelala chumba kilicho karibu na ngazi ndiye atakayekuwa ameumia.

Tukumbuke pia majengo yetu yalivyoanza. Ayany ni mtaa wa nyumba za Shirika la Taifa la Nyumba, nyumba za chini zilizokusudiwa familia moja moja: taa, redio, pasi, labda runinga. Baadaye vyumba vikaongezwa uani, kisha juu, na leo palipokuwa na familia moja pana ghorofa zenye wapangaji wengi, kila mmoja na friji yake na shawa yake ya maji moto. Shawa moja tu ya aina hiyo huweza kuvuta ampia 20 na zaidi. Katika ploti nyingi ninazoingia, waya wa zamani haukuondolewa. Uliungwa tu, mwaka baada ya mwaka, na kila fundi aliyepita. Huko ndiko tunakokuja kuchomeka kifaa kinachotakiwa kuwaka usiku na mchana, mwaka mzima, bila mtu wa kukitazama.

Kifaa hicho, swichi ya mtandao, chenyewe hakina makuu. Ile ya matundu 24, ya kawaida, hutumia stima chini ya wati 30, kama balbu chache za kisasa zikiwekwa pamoja. Ubaya hautoki kwake. Unatoka mahali ilipochomekwa.

Msimu wa mvua uliopita niliitwa kwenye ploti moja ambayo sitaitaja, mtandao ulikuwa unakatika kila asubuhi. Kabati lilikuwa chini ya ngazi, limeegeshwa juu ya kreti ya soda, mlango wake hauna kitasa. Stima yake ilitolewa kwenye taa ya ngazi: nyaya mbili zimesokotwa kwenye holda ya balbu, zikafungwa utepe mweusi, zikashuka ukutani hadi kwenye ekstensheni ya mashimo manne. Ndani ya ekstensheni hiyo kulikuwa na ekstensheni nyingine. Keteka akizima taa kunapokucha, jengo zima linapoteza intaneti. Fundi fulani alikuwa tayari amependekeza kuiruka swichi ya taa ili stima ipite moja kwa moja, na kama angefanya hivyo, kusingekuwa na mahali pa kuikata stima hiyo isipokuwa kwenye mita.

Nilipogusa bati la kabati kwa mgongo wa kidole, lilinitekenya. Keteka akaniambia kwamba hutekenya zaidi siku ngazi zikiwa zimelowa, na kwamba watu wameshazoea.

Mtekenyo huo una sababu, na naomba mwielewe, kwa maana ndio kiini cha barua hii. Ndani ya swichi kuna kifaa kinachogeuza stima ya volti 240 kuwa ndogo, na kifaa hicho kimetengenezwa kwa namna ambayo kiasi kidogo cha stima huvuja kwenda kwenye bati la nje. Kiwanda kiliruhusu hivyo kikijua kwamba waya wa kijani na manjano, erthi, utaichukua stima hiyo na kuipeleka ardhini. Erthi isipokuwepo, bati linabaki na karibu nusu ya volti za jengo, yaani kama 120. Kwa kifaa kimoja stima inayovuja ni kidogo na mtu huhisi kutekenywa tu. Lakini kabati moja huwa na swichi, ruta, mashine ya kurekodi kamera na betri ya akiba, na uvujaji wa vyote hujumlishana kwenye bati lilelile.

Na hapo vifaa bado ni vizima. Waya wa moto ukichubuka ndani ukagusa bati, bati lote linakuwa na stima kamili. Penye erthi, stima nyingi hukimbilia ardhini mara moja na breka inaanguka. Pasipo na erthi, breka haina habari. Stima inasubiri njia ya kwenda chini, na njia hiyo ni mtoto anayecheza chini ya ngazi akiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Breka ya kinga ya miliampia 30, ile yenye kitufe cha kujaribia, hukata stima ya namna hiyo kabla moyo haujadhurika. Wekeni hiyo pia. Ni kifaa kimoja tu, na hakina mbadala.

Watu wa Ayany hupenda kusema kwamba sambaza, yaani stima ya kuungwa kiholela, ni mambo ya kule chini, Gatwekera na Kisumu Ndogo, ambako nyaya hupita juu ya mabati na chini ya matope. Waya uliosokotwa kwenye balbu ya ngazi ni ndugu wa sambaza, hata kama mita imelipiwa tokeni. Hauna breka yake, hauna erthi, na hakuna ajuaye nani aliufunga.

Kwa hiyo mkimwita fundi wa stima, mwambieni hivi: njia mpya kutoka boksi la breka, waya wa milimita mbili na nusu, breka ya ampia 16 au 20 isiyogawiwa kwa kitu kingine, na soketi mbili za ukutani mahali kabati litakapokaa. Mwambieni aitazame na nguzo ya erthi, ile fimbo iliyopakwa shaba iliyozikwa karibu na mita. Nimekuta nguzo ambazo waya wake umekatwa na wezi wa shaba zamani, na jengo zima limekuwa likiishi bila erthi wala mtu hajui. Asiridhike kwa kuangalia kwa macho. Aipime kwa mashine. Leseni yake iulizeni bila aibu. Leseni ya mawasiliano haimfanyi mtu kuwa fundi wa stima, na mimi mwenyewe sitakubali kufungua boksi lenu la breka hata mkiniomba.

Mahali pa kabati pia ni juu yenu kupachagua, na hapo nitasema kidogo zaidi kwa sababu chini ya ngazi ndipo kila mtu hupapendelea. Ngazi zetu hupigwa deki kila asubuhi kuanzia juu, na maji yote huishia chini. Kabati la sakafuni liko ndani ya mfereji. Litundikwe ukutani, juu ya kifua cha mtu mzima, kwenye ukuta wa mawe na si wa mbao au mabati, lishikwe na bolti zinazotanuka ndani ya ukuta. Lisiwe chini ya bomba la tangi linalofurika, wala ndani ya kabati la mita. Kwenye paa, ndani ya kibanda cha bati, jua la Januari hupandisha joto kupita nyuzi 40 au 45 ambazo viwanda vingi huziweka kuwa mwisho wa uvumilivu wa swichi. Kifaa hakitaungua siku hiyo. Kitachoka taratibu, feni itaanza kulia, na mwaka unaofuata kitakufa usiku wa mtihani wa mtoto wa mtu. Mende nao hupenda joto la humo. Matundu ya kebo yazibwe, yale ya hewa yaachwe wazi.

Upande wetu mafundi una lawama zake, na siwezi kuwaandikia ninyi nikawaficha wenzangu. Kabati na swichi hutengenezwa kwa kipimo kimoja duniani kote: upana wa inchi 19, na kila nafasi kimo cha milimita 44.45, ili swichi yoyote ikae kwenye kabati lolote. Swichi huja na masikio mawili ya chuma na skrubu zake. Hata hivyo ukifungua makabati ya mtaa huu utakuta swichi imelazwa juu ya ruta, ruta juu ya betri, na masikio yamebaki ndani ya katoni. Kila mtu anayevuta kebo anasogeza rundo zima, na plagi inalegea nyuma. Plagi iliyolegea hutoa cheche, na cheche hizo hula chuma cha plagi hadi kinakuwa cheusi na cha moto.

Kazi ikifanywa vizuri huwa hivi. Kabati linafungwa ukutani na kutikiswa kwanza likiwa tupu. Kitu kizito, yaani betri ya akiba, kinakaa chini kabisa. Swichi inainuliwa na watu wawili, mmoja anaishika, mwingine anafunga skrubu nne, na nafasi moja inaachwa wazi juu yake ipumue. Waya wa erthi wa kabati na wa swichi ndio unaofungwa kabla ya yote, kisha stima, kebo za mtandao mwisho. Siku ya kuondoa, mpangilio unageuzwa, erthi inafunguliwa mwisho. Plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani yake, na mara nyingi ni ya ampia 13. Kwa swichi inayotumia chini ya ampia mbili, fyuzi ya 3 au ya 5 inatosha na inaukinga waya wake mwembamba. Mwambieni fundi awaonyeshe fyuzi hiyo. Asiyejua ilipo, msimwachie kabati.

Kisha kuna jambo jipya ambalo limebadilisha hesabu. Zamani kebo ya mtandao ilibeba mawasiliano tu. Siku hizi kamera za korido na vituo vya Wi-Fi hupokea stima kupitia kebo hiyohiyo, kutoka kwenye swichi. Kanuni ya kwanza ya kimataifa ya jambo hili, ya mwaka 2003, iliruhusu wati 15.4 kwa kila tundu. Ya 2009 ikafika 30, na ya 2018 ikafika 90. Swichi ya matundu 24 ya namna hii inaweza kugawa wati 370 hivi. Si wati 30 tena, na joto lake ni la kifaa kingine kabisa. Ndiyo maana kebo isiyo ya shaba tupu ni hatari hapa. Maduka ya Luthuli Avenue, mjini, yamejaa kebo za alumini iliyopakwa shaba, bei nafuu, rangi nzuri. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini. Hupata moto ikibebeshwa stima, hasa zikifungwa nyingi pamoja kwenye bomba moja, na hukatika pale zinapopindwa. Msizikubali kwenye kuta zenu.

Kuhusu betri ya akiba. Sote tunakumbuka Agosti 2023, usiku ambao nchi karibu nzima ilikaa gizani, na tunajua jinsi stima ikirudi hurudi kwa kishindo. Betri ya akiba huilinda swichi na kishindo hicho, na inawapa wapangaji mtandao wakati taa zimezima. Lakini ile ndogo inayouzwa kila duka, ya 650 VA, kwa kawaida ina betri moja ya volti 12 na ampia-saa 7. Hiyo inaweza kuishikilia swichi ndogo na ruta kwa saa moja au zaidi. Ikibebeshwa swichi yenye kamera kumi itakaa dakika chache na kuchemka. Na betri ya risasi huishi miaka mitatu hadi mitano, kidogo zaidi ya hapo ikiwa mahali baridi, pungufu ikiwa mahali pa joto. Ikivimba, itolewe siku hiyohiyo. Tarehe ya kuwekwa kwake iandikwe juu yake kwa kalamu nene, maana kumbukumbu za keteka huondoka na keteka.

Atakayeona ninatia chumvi, azingatie yaliyotokea Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021. Jengo la kuhifadhi kompyuta la kampuni ya OVH, lenye ghorofa tano, liliteketea usiku mmoja. Mwanzilishi wa kampuni hiyo, Octave Klaba, alieleza kwamba picha za joto za wazima moto zilionyesha vifaa viwili vya stima ya akiba vikiwaka, na kimoja kilikuwa kimefanyiwa matengenezo siku iliyotangulia. Wale walikuwa na wahandisi na walinzi usiku kucha. Sisi tuna ngazi moja ya kushukia, mara nyingi yenye pikipiki na mitungi ya gesi, na kabati liko papo hapo kwenye njia ya kutokea. Soko la Toi tumeliona likiungua zaidi ya mara moja. Hakuna wa kutufundisha jinsi moto unavyokwenda mahali penye msongamano.

Wekeni kizima moto cha unga au cha gesi ya kaboni dioksidi karibu na kabati, na mwonyesheni keteka breka ilipo. Kitu kikianza kutoa moshi, anakata breka kwanza. Maji hapana.

Linabaki suala la kebo za angani. Mvua za Machi hadi Mei zikija na radi, kebo ya shaba iliyorushwa kutoka paa hadi paa huwa mlango wa kuingizia stima ya radi kwenye majengo yote mawili, hata radi ikipiga mbali. Kati ya jengo na jengo tumieni faiba. Kioo hakipitishi stima. Lakini kebo nyingi za faiba za angani zina uzi wa chuma wa kuzishikilia, na uzi huo ukivutwa hadi ndani ya kabati, faida yote imepotea. Ukatwe na kufungwa nje, ukutani. Na kebo isifungwe kamwe kwenye nguzo ya Kenya Power pamoja na nyaya za stima.

Najua swali lenu sasa: kwa nini tulipe sisi, na tokeni je? Hesabu ya tokeni ni fupi. Swichi ya wati 30 ikiwaka mwezi mzima hutumia yuniti kama 22, pesa isiyofika shilingi 1,000. Fungeni mita ndogo kwenye njia hiyo mpya, mtu wa intaneti arudishe alichotumia, ugomvi umekwisha. Kuhusu waya na erthi, hizo ni mali ya jengo. Kampuni ya leo ikiondoka, zitabaki, na erthi itawalinda wapangaji wenye friji na shawa pia. Nanyi mnajua mpangaji wa sasa anayekuja kutazama nyumba anauliza maji, anauliza Wi-Fi, ndipo anauliza kodi.

Kibera haijasubiri mtu wa nje kuileta mtandaoni. Taasisi ya Tunapanda imejenga mtandao wake wa kijamii, TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana humu, na tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa leseni za mitandao ya namna hiyo. Vijana wetu wanajua kufunga vifaa hivi. Wanachokosa ni soketi salama ya kuvichomeka, na soketi hiyo iko mikononi mwa mwenye jengo peke yake.

Nawaomba basi mshuke ngazi zenu wiki hii mkaangalie. Tazameni stima ya kabati inatoka wapi. Kama inatoka kwenye taa, au kwenye chumba cha mpangaji, au kwenye ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, msiguse chochote. Mwiteni fundi wa stima kwanza, kisha mwenye kabati. Kwa upande wangu, na wenzangu niliozungumza nao, hatutatundika kifaa kipya mahali pasipo na erthi iliyopimwa, hata mwenye nyumba akisema aliyetutangulia alikubali. Siku fundi wa stima atakapokuja kuvuta njia mpya, nitakuja kuzima vifaa na kuvihamisha bila malipo, ili wapangaji wakose mtandao asubuhi moja tu. Mkubaliane kwanza na mwenye vifaa, na tarehe iwe kabla ya mvua za Machi.

Wenu katika kazi,
Fundi wa mtandao, Ayany